Somo: Kushindilia udongo baada ya plau, kabla ya kupanda

Wakuu, leo nazungumzia kazi ambayo wengi wetu tunairuka. Tunalima kwa plau, tunapiga haro (chombo cha kuvunja mabonge na kusawazisha udongo wa juu) mara mbili tatu, tunapanda. Mbegu zikiota kwa mapengo, lawama zinamwendea aliyetuuzia mbegu. Mara nyingi kosa liko chini, mahali macho hayafiki.

Plau inapopindua udongo, vipande vyake havilali vikabanana. Vinaegemeana, na katikati yanabaki mapango ya hewa. Unyevu wa ardhini hupanda kupitia nafasi ndogo sana kati ya chembe za udongo, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Pango likikaa kati, utambi umekatika: chini maji yapo, juu mbegu inakauka. Hata ikiota, mzizi unashuka mpaka unaning'inia hewani, na baadaye udongo ukititia wenyewe unaukata au kuuacha wazi.

Rola ya kushindilia ni safu ya pete nzito za chuma, ukingo wake umechongoka kama kabari. Pete huzama kwenye udongo laini na kuubana kule chini, huku zikipasua mabonge. Rola laini ya pipa haifanyi kazi hiyo. Inapapasa juu, mapango inayaacha palepale.

Hatua ya 1: Pima unyevu kabla plau haijaingia. Chota udongo wa kina utakacholima, tuseme sentimita 20, si ule wa juu uliopigwa jua. Uviringishe kati ya viganja upate uzi. Ukifika wembamba wa milimita 3 hivi bila kukatika, udongo umelowa mno. Rudisha trekta. Udongo uliolowa ukishindiliwa unakuwa kama tofali: vinyweleo vinazibika, hewa haipiti, na msimu mzima hautatosha kuurekebisha. Uzi ukikatika na kumomonyoka, ingia kazini. Hapa sina mjadala, hata kama trekta ni la kukodi na mwenye nalo anakuharakisha.

Hatua ya 2: Chagua pete. Nyingi zina kipenyo cha sentimita 70 hadi 90. Pete kubwa huviringika kwa wepesi na hazisukumi udongo mbele yake. Kwa mfinyanzi chukua ukingo mwembamba unaopenya. Kwa kichanga, ukingo mpana zaidi, maana mwembamba utadidimia tu.

Hatua ya 3: Shindilia siku ileile, ikiwezekana kwa mpito uleule. Rola nyingi zina mkono wa kunasa pembeni mwa plau, zikashindilia mistari iliyopinduliwa mpito uliotangulia. Faida ni mbili. Kwanza, bonge lililotoka kupinduliwa bado lina unyevu na linapasuka kwa urahisi. Pili, magurudumu ya trekta hayarudi kukanyaga udongo uliotifuliwa.

Mimi nilijifunza hili kwa uchungu. Nililima kipande cha mfinyanzi, nikakiacha siku nne kwenye jua nikisubiri rola. Nilipofika, mabonge yalikuwa mawe. Rola iliruka juu yake, haro nayo ikayazungusha bila kuyavunja. Nilipanda hivyohivyo, na sehemu kubwa ya kipande kile haikuota. Tangu siku hiyo silimi eneo kubwa kuliko nitakaloweza kulishindilia kabla jua halijazama.

Hatua ya 4: Nenda kwa mwendo wa wastani. Kilomita 6 hadi 7 kwa saa zinatosha. Ukikimbia, pete zinarukaruka na kuacha sehemu bila kuguswa.

Hatua ya 5: Kagua kwa sepetu. Tembea shambani kwanza. Kisigino kikizama karibu na kifundo, bado. Kikiacha alama ya kina kidogo, vizuri. Kisha chimba shimo mpaka chini ya kina cha plau, ubavu wake uwe umenyooka, uutazame. Ukiona tundu linaloingiza kidole, rola ni nyepesi mno au umechelewa. Chimba sehemu tatu au nne, maana pembe za shamba hudanganya.

Hatua ya 6: Malizia juu. Haro nyepesi ya meno, mara moja, isizidi kina cha mbegu. Usisage udongo ukawa unga. Acha vibonge vidogo juu, vinavunja nguvu ya matone ya mvua.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Siku zote tunaambiwa udongo ulioshindiliwa ni adui wa mizizi. Sasa wewe unatuambia tushindilie?

Jibu: Swali zuri, ndugu yangu. Adui ni lile tabaka gumu linaloumbwa na plau kupita kina kilekile kila mwaka na magurudumu mazito kukanyaga udongo uliolowa. Rola hufanya kazi ndani ya udongo uliokwisha kutifuliwa, na uzito wake umegawanywa kwenye pete nyingi. Inafunga mapango tu. Ukiheshimu hatua ya 1, mzizi utapita.

Swali: Mimi natumia maksai na sina uwezo wa kununua rola. Nifanyeje?

Jibu: Gogo zito lililonyooka, likivutwa likilala kimashazari, linavunja mabonge na kusawazisha, ingawa halifiki chini kama pete. Kwa hiyo lima kina kifupi kidogo, upitishe gogo jioni ileile. Baada ya kupanda, kanyaga mstari kwa mguu juu ya kila mbegu. Ni kazi ya kuchosha, lakini mbegu inahitaji kushikana na udongo kila upande ndipo inyonye maji.

Swali: Haro ya sahani haitoshi?

Jibu: Haitoshi peke yake. Inakata vizuri juu, lakini kila ikipita inafunua udongo wenye unyevu na kuukausha. Nikishashindilia, mara nyingi haro moja nyepesi inanitosha pale nilipokuwa napiga tatu, na dizeli inapungua.

Swali: Mwalimu, shamba langu lina mwinuko. Mistari ya pete haitakuwa mifereji ya maji?

Jibu: Itakuwa, dada, ukiiburuza rola kutoka juu kwenda chini. Lima na kushindilia ukikata mwinuko kwa upana, kila mstari uwe kikingio kidogo cha maji. Kama mwinuko ni mkali kiasi cha rola kuteleza pembeni, usiipeleke huko kabisa.

Swali: Nimelima jana, usiku mvua kubwa imenyesha, rola inakuja leo mchana. Nishindilie au niache?

Jibu: Leo acha. Subiri juu papauke, kisha rudia kipimo cha uzi kwa udongo wa chini, maana juu hukauka mapema na kukudanganya. Ukikatika, pitisha rola mara moja. Tope likianza kunata kwenye pete, simama hapohapo, zisafishe, usubiri siku nyingine.