Mshono wa alumini umekatika? Tazama kwanza umekatikia wapi

Wadau, tangu mafundi kadhaa hapa Kisumu waanze kuunga alumini kwa msuguano kwenye mashine ya milingi (ile ya kuchonga metali), kilio ni kimoja: mshono unang'aa, ukikunjwa unakatika. Njia hii ilibuniwa TWI, taasisi ya utafiti wa uungaji huko Uingereza, mwaka 1991, na haiyeyushi kitu. Pini inayozunguka hulainisha metali na kuikoroga kama mwiko kwenye ugali, huku bega la kifaa, yaani sehemu pana iliyo juu ya pini, likikandamiza juu.

Hatua ya 1: Kipande kilichokatika usikipige msasa. Mpasuko ndio ushahidi.

Hatua ya 2: Kimekatika kandokando, nje kidogo ya alama ya bega? Kama ni 6061-T6, yaani aloi ya alumini iliyoimarishwa kwa joto (ndiyo maana ya T6), joto limezidi. Nguvu ya aloi hiyo hutoka kwenye chembe ndogo mno za magnesi na silikoni. Zikipashwa sana hukua, metali ikalegea. Ongeza mwendo wa meza inayobeba bamba au punguza mizunguko ya pini. Nguvu yote ya T6 hairudi hata hivyo, kwa hiyo mchoraji wa ramani ya kazi ahesabu upungufu huo mapema.

Hatua ya 3: Kimekatikia ndani, na kuna tundu linalofuata mshono kama handaki? Hapo joto lilipungua au bega halikukandamiza vya kutosha. Tiba ni kinyume cha ile ya juu: punguza mwendo. Ndiyo maana anayebadilisha spidi kwa kubahatisha huharibu zaidi.

Hatua ya 4: Upande wa chini. Hapa ndipo penye hila. Pini ikiwa fupi, au oksidi (utando unaojijenga juu ya alumini) ikibaki katikati, kingo hugusana bila kushikana, na hata eksirei inaweza isione. Kunja kipande cha majaribio, upande wa chini ukiwa nje, ufa utajitokeza. Kwa bamba la milimita 6, pini ya karibu 5.8 inafaa. Piga kingo brashi ya chuma kisichoshika kutu muda mfupi kabla ya kuunga.

MASWALI

– Omera, mimi nina drili ya stendi tu. Itafaa?
Hapana. Imeundwa kusukuma wima; nguvu ya pembeni itaua beringi.

– Nikipitisha mara ya pili?
Handaki laweza kuzibika, ila kando zinapata joto tena. Na pini fupi haitafika chini hata ukipita mara kumi.

– Nimebana kwa juu, bado mabamba yanaachana.
Pini ikiingia huyasukuma pembeni, fundi. Yazuie pia kwa ubavuni, na chini weka bamba la chuma.