Kufufua Honda C70 ya zamani nyumbani: injini kwanza, rangi mwisho

Pikipiki ya C70 iliyolala miaka kwenye stoo ya Machame au nyuma ya nyumba Sakina huwa na maradhi matatu: tangi lililooza kwa ndani, kabureta iliyoziba na injini iliyojam. Hayaonekani kwa nje, ndiyo maana wengi huanza na fundi rangi. Tangi linapakwa, linang'aa, kisha petroli inaanza kupenya kwenye vitundu vya kutu na rangi inavimba kama lengelenge. Pikipiki inarudi stoo. Utaratibu wa hapa ni wa kinyume: ifanye iwake, iendeshe ikiwa mbaya vilevile, kisha ndipo uivue uipake rangi.

Maelezo ni ya C70 ya volti 6 yenye pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche). C50 inatofautiana kidogo tu: silinda yake ni milimita 39 badala ya 47, na mwendo wa pistoni ni uleule wa 41.4.

Kabla ya kushika spana

Soma namba ya fremu na namba ya injini, zilinganishe na kadi. Kama jina kwenye kadi ni la marehemu, familia ipate kwanza msimamizi wa mirathi mahakamani, maana bila yeye umiliki haubadiliki TRA (mamlaka ya mapato). Usitumie hata shilingi kwenye chombo ambacho hutaweza kukiandikisha.

Halafu angalia kipi hakipo. Vipuri vya injini visikutishe: injini nyingi za Kichina za kulala zimenakiliwa kutoka kwa hii, kwa hiyo gasketi, ringi, valvu na sahani za klachi hupatikana. Nenda na kipuri cha zamani mkononi na kalipa mfukoni, pima kipenyo na pini ya pistoni palepale dukani. Kigumu kupata ni ngao nyeupe ya miguu, vifuniko vya pembeni, taa ya mbele na beji. Ukikuta pikipiki isiyo na hivyo, punguza bei sana au iache.

Piga picha kwa simu kila upande kabla ya kufungua. Boliti za kila sehemu ziwe na kopo lake lenye jina. Skrubu za Honda za nyota si za mkato wa kawaida, ni za JIS (kipimo cha Kijapani). Bisibisi ya kawaida hupanda juu na kula kichwa. Tumia bisibisi ya kupiga kwa nyundo, na kama kuku walikuwa wanalala juu ya injini, osha kinyesi kwanza, kwa sababu hula aluminiamu na kushikisha skrubu.

Injini iliyojam

Usipige kiki. Pistoni ikiwa imeshika, nguvu yote inaishia kwenye meno ya gia ya kiki, na yakivunjika itabidi upasue injini nzima kwa sababu ya kipande cha chuma.

Toa plagi. Changanya oili ya gia boksi za otomatiki na dizeli nusu kwa nusu, mimina mililita 30 kwenye tundu la plagi, funika kwa kitambaa, acha siku mbili. Siku ya tatu fungua kifuniko cha kushoto, weka soketi kwenye nati ya magneti, tikisa taratibu kwenda kushoto na kulia. Usilazimishe mzunguko mzima. Ikisogea hata milimita mbili, ongeza mafuta, kesho rudia. Ikikataa kwa wiki, toa hedi (kichwa cha injini chenye valvu) na blok (yenye silinda).

Hapa ndipo watu huvunja vitu. Zungusha magneti kinyume cha saa mpaka alama T (pistoni ikiwa juu kabisa) ilingane na alama ya kwenye kava, na kwenye sproketi ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) alama ya mviringo ikabili mkato wa hedi. Ndipo ufungue sproketi, na uifunge taimingi cheni kwa waya isizame ndani. Nati nne za hedi ni za wazi, lakini upande wa kushoto kuna boliti ndogo ya pembeni inayoshika hedi na blok, na nyingine inayoshika blok na kreki kesi (kasha la chini la injini). Anayezisahau huingiza bisibisi kati ya mapezi na kuvunja pezi. Blok nayo haitoki mpaka utoe boliti ya rola ya cheni. Angalia pia nati ipi ina washa ya shaba, uichore kwenye karatasi: iko pale kwa sababu oili hupita kwenye stadi hiyo, na ukiihamisha injini itavuja.

Kabla ya kutoa klipu za pini ya pistoni, ziba mdomo wa kreki kesi kwa kitambaa safi. Klipu ikitumbukia humo, jioni yako imekwisha.

Sukuma ringi ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni, pima mwanya wake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mianya). Ringi mpya huwa kati ya milimita 0.15 na 0.35, ikifika 0.5 haifai. Silinda yenye mistari inayokwama kwenye ukucha inahitaji kukerezwa. Nunua pistoni ya saizi ya juu kwanza (0.25, 0.50, 0.75 au 1.00), ndipo umpelekee fundi wa mashine ya kukereza, mtaa wa Unga Limited Arusha au kwingine, akereze kwa kufuata pistoni ile. Ukifanya kinyume utabaki na tundu lisilo na pistoni. Kama silinda ya Honda yenyewe bado iko ndani ya kipimo, ibakize na ubadilishe ringi tu. Chuma kile mara nyingi ni kigumu kuliko blok mpya za bei rahisi.

Valvu saga kwa pesti, osha, kisha geuza hedi na mimina mafuta ya taa kwenye matundu yake ya hewa. Yakitoka pembeni mwa valvu ndani ya dakika tano, saga tena. Wakati wa kurudisha, neno IN kwenye pistoni lielekee upande wa kabureta, maandishi ya ringi yatazame juu, na mianya yake itawanyike kwa digrii 120. Nati za hedi kaza kwa msalaba, mara mbili, mpaka Nm 9 hadi 12. Hiyo ni nguvu ndogo kuliko mkono wa fundi aliyezoea Fuso. Stadi za milimita 6 hukatika kirahisi.

Tapeti, yaani mwanya wa valvu, ni milimita 0.05 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi, alama T ikiwa mahali pake na pistoni ikiwa kwenye kompresheni. Utajua ni kompresheni kwa sababu roka zote mbili zitacheza kidogo. Moja ikiwa imebana, zungusha magneti duru moja zaidi.

Usikate tamaa kwa geji ya kompresheni inayosoma chini. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini ambayo ingesoma psi 170 Tanga itasoma karibu 145 hapa. La maana ni jaribio la oili: tia mililita 5 ndani ya silinda, pima tena. Namba ikipanda sana, ringi zimechoka; ikikaa palepale, tatizo ni valvu.

Tangi na kabureta

Tangi liko chini ya siti, na ndicho kipande kinachodanganya kuliko vyote. Toa bomba na geji, mulika ndani kwa tochi. Kutu jepesi linatoka. Ukiona vitundu vya mwanga, lipeleke kwa mchomeleaji, na litoke kwako limejazwa maji karibu lote. Tangi linaloonekana kavu bado lina mvuke wa petroli, nao hulipuka.

Kwa kutu la kawaida tumia unga wa asidi ya limao, gramu 100 kwa lita moja ya maji ya moto. Jaza mpaka juu, tia nati ndogo ishirini ulizozihesabu, tikisa kila saa. Baada ya saa 8 hadi 12 mwaga, toa nati zote ishirini, suuza, kisha pitisha maji yenye vijiko viwili vya magadi kuua asidi iliyobaki. Suuza tena, kausha haraka juani, na papo hapo zungusha ndani kikombe cha petroli yenye oili kidogo. Ukichelewa nusu saa, chuma kinageuka rangi ya chungwa mbele ya macho yako. Asidi ya betri wanayoipendekeza wengine inatoa kutu, kweli, na chuma pia.

Kabureta fungua yote: jeti kubwa, jeti ndogo, floti, sindano ya floti. Matundu yasafishe kwa petroli na uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Waya wa chuma hupanua tundu, na hapo hakuna marekebisho yatakayokubali. Skrubu ya hewa funga polepole mpaka mwisho, kisha rudisha nyuma mzunguko mmoja na robo. Utaisahihisha injini ikipata moto. O-ringi kati ya kabureta na hedi ibadilishe hata kama inaonekana nzima. Ikivuta hewa, sailensa (mzunguko wa injini pikipiki ikiwa imesimama) itapanda na kushuka yenyewe, nawe utazunguka na jeti wiki nzima bure.

Pikipiki iliyosetiwa Moshi, karibu mita 850, ikipandishwa Arusha itakula mafuta zaidi na plagi itakuwa nyeusi yenye masizi. Jeti kubwa ya namba moja chini ndiyo dawa. Ukishuka nayo tena kukaa Moshi, rudisha ya awali, maana mchanganyiko mkavu huchoma pistoni.

Umeme

C70 nyingi za pointi huwaka bila betri, kwa hiyo betri mbovu isikuzuie kujaribu. Pointi ziko nyuma ya magneti na unaziona kupitia dirisha lake. Zisugue kwa msasa namba 400, futa kwa kitambaa chenye spiriti, weka mwanya wa 0.3 hadi 0.4, na hakikisha zinaanza kufunguka alama F (ya cheche) inapolingana. Plagi ni NGK C7HSA, mwanya 0.6 hadi 0.7. Kutoa magneti kunataka pula yake. Anayeligonga kwa nyundo hupinda krankshafti.

Injini inayozima baada ya dakika kumi na kuwaka tena ikipoa, shuku kondensa. Cheche kubwa nyeupe kwenye pointi inathibitisha.

Nyaya za Honda zinasomeka: kijani ni ethi, nyekundu inatoka betri, nyeusi inapata moto swichi ikifunguliwa. Balbu zote ziwe za volti 6 na za wati sahihi. Umeme wa magneti hauna mdhibiti wa maana, hivyo balbu ya nyuma ikikatika, volti hupanda na ya mbele hufuata usiku uleule.

Chini

Breki: loanisha vumbi kabla ya kufuta, usilipulize, viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto. Bitana ikibaki milimita 2, badilisha. Tairi za 2.25-17 soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2310 ni wiki ya 23 ya mwaka 2010, na tairi ya namna hiyo ni ya kutupa hata kama ina maua. Hendo ukiifungua, tandika shuka chini kwanza. Gololi zake ziko huru na zitamwagika. Hesabu za juu na za chini kabla hujazichanganya. Ukinyanyua gurudumu la mbele na kulitikisa mbele na nyuma, kucheza kwake mara nyingi ni bushi za mikono ya shokapu.

Klachi haina mkono, lakini ina kusetiwa. Legeza nati ya kava la kulia, zungusha skrubu kulia mzunguko mmoja, rudisha kushoto mpaka uhisi ugumu, kisha kulia tena moja ya nane ya mzunguko, funga. Ikikabwa vibaya, pikipiki inaruka ukiingiza gia ya kwanza.

Iendeshe ikiwa mbaya

Oili ni lita 0.8. Tia kijiko kimoja kwenye kila tundu la tapeti kabla ya kiki ya kwanza, kwa sababu kamshafti ndiyo ya mwisho kupata oili. Piga kiki thelathini plagi ikiwa nje.

Endesha kilomita 100 njia tambarare, Arusha kwenda Usa River kwa mfano, bila kufungua mafuta yote. Kupanda Marangu kutoka Moshi kusubiri, ringi mpya zinapata joto kupita kiasi kwenye mlima mrefu. Mwaga oili kwenye kilomita 100 na tena 500. Pikipiki hii haina filta ya karatasi, ina chujio la waya na kikombe kinachozunguka kwenye klachi, na uchafu wa miaka yote umekaa humo. Pima tapeti tena. Zikiwa zimebana, valvu zinaendelea kukaa kwenye viti vyake, ni kawaida.

Kinachovuja kitavuja sasa, kabla ya rangi. Kitengeneze, kisha ivue.

Rangi

Msasa 120 kwenye kutu, 240, praima, halafu 400 kwa maji, rangi, na 800 kabla ya vanishi. Masika, Machi hadi Mei, unyevu huingia kwenye thina na rangi hutoka na ukungu mweupe. Paka kati ya saa nne na saa nane mchana, au subiri. Rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) ina mvuke unaoharibu mapafu, kwa hiyo barakoa iwe ya chujio la kemikali, si ya kitambaa.

Ngao ya miguu usiipake. Ni plastiki ya polithini, rangi inabanduka na supa gluu haishiki. Nyufa ziunge kwa pasi ya kulehemu nyaya na vipande vya plastiki ileile, kisha sugua 800 na 1,200 kwa maji mpaka weupe urudi.

Unapounganisha, kwangua rangi chini ya kila boliti inayoshika waya wa kijani mpaka uone chuma. Taa zinazofifia na indiketa zinazogoma kwenye pikipiki iliyotoka rangi jana mara nyingi ni hilo tu.