Kusomea uuguzi wa ngazi ya juu mtandaoni ukiwa Kigoma au Tabora

Muuguzi wa hospitali ya Maweni, Kigoma, au Kitete, Tabora, anayetaka shahada ya uzamili ya Marekani, ile inayomwandaa kuchunguza wagonjwa, kutambua maradhi na kuandika dawa, aulize habari za mafunzo ya vitendo kabla ya kuuliza ada. Nadharia husomwa mtandaoni, lakini saa za vitendo, ambazo viwango vya Marekani vya mwaka 2022 vinataka zisipungue 750, hufanyika mbele ya mgonjwa chini ya msimamizi mwenye leseni, na vyuo vingi huzitaka zifanyike hukohuko Marekani. Iandikie ofisi ya udahili swali lililo wazi: “Je, mwanafunzi anayeishi Tanzania anaruhusiwa kufanyia vitendo hospitalini kwake?” Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, usilipe chochote, akiba ya mshahara wa muuguzi hukusanywa kwa taabu mno.

Kwa kawaida hutakiwa pia leseni ya uuguzi ya Marekani, ambayo hupatikana baada ya kufaulu mtihani wa NCLEX-RN.

Hakikisha programu ina ithibati ya CCNE au ACEN, vyombo vya Marekani vinavyothibitisha ubora wa programu za uuguzi, kisha uulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kuhusu utambuzi wa shahada hiyo, na Baraza la Uuguzi na Ukunga kuhusu kazi utakazoruhusiwa kufanya hapa nchini.