Kufuatilia ukoo wa Wahugenoti (Waprotestanti wa Ufaransa) waliohamia Uingereza, pa kuanzia

Wengi wakiskia tu kuna babu alitoka Ufaransa wanakimbilia kutafuta Ufaransa na hapo ndo wanapotea. Anzia Uingereza, kwa waliokufa juzijuzi, urudi nyuma kizazi kwa kizazi. Vyeti vya serikali vinakufikisha 1837, zaidi ya hapo ni rejista za kanisa.

Jua pia waliingia lini. Kuna waliokuja miaka ya 1500, wengi Wawaloni, yaani wasema Kifaransa wa upande wa Ubelgiji ya leo, hao watafute Canterbury, Norwich, Southampton na Sandwich. Halafu kuna wale wa 1685, mfalme wa Ufaransa Louis XIV alipoifuta Amri ya Nantes iliyokua inawalinda Waprotestanti tangu 1598, wakafika Uingereza kama 50,000 hivi, wafumaji wa hariri wakajazana Spitalfields, masonara wengi wakaenda Soho, zote mitaa ya London.

Sasa utamu wote uko kwenye vitabu vya makanisa ya Kifaransa, mfano lile la Threadneedle Street, London, lililoanza 1550, na Huguenot Society, chama cha historia ya Wahugenoti, imechapisha rejista nyingi sana. Tafadhali usisome jina la mtoto ukafunga kitabu! Angalia wasimamizi wa ubatizo, mara nyingi ni ndugu kabisa, mjomba, shangazi, bibi, na mama wa mtoto anaandikwa kwa jina la kwao sio la mume, yaani ubatizo mmoja unakupa koo mbili kwa mpigo. Tafuta na barua za ushuhuda, zile mtu alizotoka nazo kanisa lake la zamani, zikitaja mji basi hapo ndo Ufaransa inaanza kua na maana.

Ndoa zikikatika ghafla 1754 kwenye vitabu hivyo usikate tamaa, sheria mpya ililazimisha watu kufunga ndoa Kanisa la Anglikana, hamia rejista za parokia. Majina nayo yanageuka ya Kiingereza, Dubois anakua Wood, Leblanc anakua White, kwa hiyo mtambue mtu kwa kazi yake, mtaa wake na mashahidi wake.

Na familia ikiwa ilifilisika usiione aibu kuuliza French Hospital, ilipata hati yake 1718 ikawa inapokea wazee na wagonjwa wa Kihugenoti, na mfumaji maskini ambaye hakuacha wosia wala nyumba unaweza kumkuta humo, umri wake na kazi yake vimeandikwa.