Wimbo wa kutweka tanga kwa mikono miwili tu

Kipande changu cha kwanza cha piano kuhusu bahari kilikuwa maji matupu. Mkono wa kushoto ulipanda na kushuka kama mawimbi, pedali ya kurefusha sauti nimeikanyaga tangu mwanzo hadi mwisho. Ami, aliyefanya ubaharia kwenye majahazi kabla magoti hayajamchoka, alisikiliza chote kisha akauliza: "Mwanangu, hawa watu wako hawapumui?"

Tangu hapo sianzi na mawimbi. Naanza na kamba.

Wimbo wa kutweka tanga ni kazi. Mmoja anaita, wenzake wanaitikia, na henza, kamba ya kupandishia tanga, inavutwa palepale kwenye kiitikio. Anapoita tena, mikono inatafuta pa kushika. Basi kabla hujagusa piano, imba wimbo wako huku ukivuta kitu kizito. Mimi nilifunga kamba kwenye ndoo ya maji nikaipitisha juu ya boriti ya uani, majirani wakaniona nimepagawa. Utajua mvuto unaangukia neno lipi. Weka alama hapo.

Mvuto huo mpe mkono wa kushoto: do na so za chini, pamoja, kwa uzito wa bega wala si wa kidole. Kisha nyanyua mkono na uachie pedali. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, maana kimya kinatutia woga tunakijaza noti. Kiache. Pedali ikibaki chini, kamba haijalegea, na hakuna awezaye kuvuta mara mbili bila kubadili mshiko.

Utaniambia mbona Chopin, yule mtunzi wa piano, katika kipande chake Barcarolle cha 1846, mkono wa kushoto unayumba karibu bila kusita. Ni kweli, ila yeye alifuata mtindo wa nyimbo za wapiga kasia wa Venice. Kasia lina mwendo wake, henza ina wake.

Mwitaji ni mkono wa kulia: noti moja moja, katikati ya kinanda, pasipo kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Do, re, mi, so, la zinatosha. Kila akiita mbadilishie kidogo, kwa sababu mwitaji hubuni maneno papo hapo, mara anamtania mpishi, mara anaulizia chai. Kiitikio kisibadilike hata kidogo. Kuanzia mara ya tatu kiongezee oktava tu, kana kwamba wavutaji wamezidi.

Foromali, mti unaobeba tanga, inavyopanda, watu wanachoka. Mimi naanza metronomu, kile kipima mwendo, ikiwa mapigo 66 kwa dakika, namaliza karibu na 54, lakini sauti haishuki.

Mwisho ulinisumbua wiki nzima. Niliweka kodi kubwa ya kishindo, Ami akacheka. Tanga likishafika juu, nahodha anasema basi, henza inafungwa, wimbo unakatikia popote ulipofika. Kwa hiyo mwache mwitaji aite mara moja zaidi, kwa sauti ileile, na mkono wa kushoto uuweke pajani.