Chai iliyopogolewa ikikauka upande mmoja: tazama gome kwanza

Kichaka cha chai kikichipua upande mmoja baada ya kupogolewa na upande wa pili ukabaki mkavu, usikimbilie kuongeza mbolea. Kagua matawi makavu, hasa gome linalotazama juu. Mabaka ya kijivu hadi meusi, yasiyo na umbo maalumu na yaliyoinuka kidogo kama sarafu iliyobandikwa, ni dalili ya kuvu iitwayo Hypoxylon serpens. Kata tawi hilo: ndani ya mti utaona vimistari vyembamba vyeusi vinavyopindapinda.

Vijimbegu vya kuvu hii hupeperushwa na upepo, lakini haviwezi kupenya gome lisilo na jeraha. Huingilia kwenye kisiki kilichopasuka, kidonda cha mkato au gome lililoungua kwa jua, kisha kuoza huteremka polepole kuelekea shinani. Kwa kuwa kuvu imo ndani ya mti, kunyunyizia shamba zima dawa ni kutupa pesa.

Jua ndilo linalosahaulika. Matawi yaliyokaa miaka mitatu au minne chini ya meza ya kuchumia, yaani uso bapa wa juu wa kichaka unaochumwa majani, hayajazoea mwanga mkali. Ukiondoa majani yote asubuhi, jua la mchana huchoma gome la matawi yaliyolala. Gome hufa na kupasuka baadaye sana, na lawama humwendea aliyeshika kisu.

Kericho, Bomet na Nyamira nchini Kenya, pogoa kati ya Juni na Agosti kukiwa na baridi na mawingu. Epuka kiangazi cha Januari na Februari. Kata takriban sentimita 5 juu ya mkato wa mzunguko uliopita wa kupogoa. Tumia kisu kikali, na kwa tawi nene tumia msumeno. Panga butu hupasua mti, na ufa huo hutunza maji ya mvua. Mkato wa tawi nene uwe wa mshazari ili maji yateremke.

Siku hiyohiyo, si kesho, funika vichaka kwa matawi uliyokata. Yaache hadi machipukizi yaanze kutokeza, ndipo uyashushe katikati ya mistari yaoze. Wanaoyabeba yote kwenda jikoni hupoteza kivuli na rutuba kwa pamoja.

Tawi lenye ugonjwa lina utaratibu wake. Likate kwa hatua ukishuka, ukitazama kila mkato, hadi upate sehemu yenye afya isiyo na mstari mweusi wala rangi iliyobadilika, kisha shuka sentimita chache zaidi. Vidonda vikubwa vipake dawa ya shaba iliyokorogwa nzito, kwa kufuata lebo. Mabaki haya usiyatandaze shambani wala kuyarundika kando kama kuni za baadaye, kwani mabaka huendelea kutoa vijimbegu hata tawi likishakufa. Yachome mapema.

Kuoza kukifika shinani, kata karibu na ardhi na usubiri. Mizizi ikiwa hai, kichaka kinaweza kuchipua upya. Kabla ya hapo, kwangua gome la shina usawa wa udongo. Ukikuta utando mweupe chini ya gome wenye harufu ya uyoga, huo ni ugonjwa mwingine, Armillaria, unaoenea kupitia mizizi. Kupogoa hakutausaidia: ng'oa kichaka chote, fuata mizizi hadi vipande vidogo, na uvichome.