Kabla ya kupigwa leza kwa maumivu ya juu ya mguu

Ukiambiwa kano za juu ya mguu, zile nyuzi zinazounganisha misuli na mifupa, zimewaka na dawa yake ni leza, usikimbilie kulipa. Nimeishi na wakimbiaji wa Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, kwa miaka mingi, na nimewaona vijana wa boda na askari wa buti ngumu wakishika mahali pale pale, kamba za kiatu zinapokaa. Leza inaweza kuwasaidia baadhi yao. Lakini kuna mambo ya kupanga kwanza, na moja kati yake ukiliruka, hayo mengine ni kupoteza fedha tu.

Anza na kiatu. Legeza kamba, na matundu yaliyo juu kabisa ya sehemu inayouma yaruke, usiyapitishie kamba. Mwendesha boda, angalia mguu wa kushoto: kama unainua gia kwa juu ya mguu kutwa nzima, tatizo linatengenezwa hapo, na hakuna mwanga utakaolishinda. Mkimbiaji, punguza vilima kwanza. Wengi hupata nafuu kwa hatua hizi peke yake, bila kutoa hata shilingi.

Mtu atakayekutibu awe na leseni. Wataalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) Uganda husajiliwa, na leseni yao huhuishwa kila mwaka. Omba kuiona. Mwenye nayo hatakasirika.

Jua pia unanunua nini. Leza ya matibabu haya haikati, wala haichomi ikitumiwa sawasawa. Ni mwanga wa nguvu ndogo unaopita kwenye ngozi na kufyonzwa ndani ya seli, na lengo lake ni kupunguza maumivu na uvimbe. Nyingi hutumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa kati ya nanomita 780 na 860, au 904. Taa nyekundu ya kupasha joto si leza, na ile mashine ya kupakiwa jeli ni ya mawimbi ya sauti. Uliza wazi: hii ni mashine gani, urefu wa wimbi ni upi, na kila nukta inapewa jouli ngapi, yaani nishati kiasi gani? Sikuambii uulize ili uonekane msomi. Mapitio ya utafiti ya mwaka 2010 yalikusanya majaribio 25 ya leza kwenye kano: 12 yalionyesha nafuu, 13 hayakuwa na jibu la wazi au hayakuona tofauti, na kipimo cha mwanga kilikuwa sehemu kubwa ya maelezo. Kidogo mno hakifanyi kazi, kingi mno nacho kinaharibu faida. Tena majaribio mengi yalihusu kiwiko, bega na kano ya kisigino, si juu ya mguu. Kwa hiyo anayekuahidi kupona kwa hakika anakuuzia maneno.

Miwani ya kukinga macho ni lazima, yako na yake. Sehemu kubwa ya mwanga huu haionekani, kwa hiyo jicho halipepesi kujilinda.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna la ziada la kusema. Ngozi yetu hufyonza mwanga zaidi na hupata joto upesi, hasa kwenye mashine kubwa za daraja la 4, zile zinazozidi milliwati 500. Mtaalamu anatakiwa kupunguza nguvu na kuusogeza mkono bila kutulia sehemu moja. Ukisikia moto, sema hapo hapo, usivumilie kwa heshima. Penye chale ya wino au piko asipige. Na mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi aseme mapema, kwa sababu anaweza kuungua asijue. Mjamzito aseme, aliyewahi kuwa na saratani aseme, na anayemeza antibayotiki ya doksisaiklini aseme pia, maana dawa hiyo huifanya ngozi iudhike na mwanga.

Sasa lile nililokuwa nalisubiri: hakikisha kinachouma ni kano, si mfupa.

Kijana wa kaka yangu ni mkimbiaji. Maumivu yalimwanza juu ya mguu wa kulia, karibu na kifundo, kwanza baada ya mazoezi tu, halafu hata akiwa anapasha mwili. Alikwenda kliniki moja mjini. Hawakumvua kiatu cha pili wakalinganisha miguu, hawakubonyeza mfupa hata mmoja. Walisikia "juu ya mguu" na "mkimbiaji", wakasema kano, wakawasha leza. Aliambiwa apumzike siku chache katikati ya matibabu, na maumivu yakashuka kweli. Iwe ni leza au ni kule kupumzika, yalishuka. Akanipigia simu kwa furaha: "Baba mdogo, dawa imeingia, Jumatatu narudi kwenye vilima." Alirudi. Wiki chache baadaye, katikati ya mazoezi ya kasi, mguu ulikataa kabisa. Wenzake walimleta nyumbani wamemshika mabegani.

Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Ilibidi apelekwe Kampala kwa skani ya CT, picha ya kina kuliko eksirei, nayo ikaonyesha ufa uliopita katikati ya mfupa wa navikula, ule mfupa mdogo ulio juu ya upinde wa mguu. Sehemu ya kati ya mfupa huo hupata damu kidogo, ndiyo maana hupona polepole. Ufa ukigunduliwa mapema, tiba ya kawaida ni plasta na magongo kwa wiki 6 hadi 8 bila kukanyaga kabisa. Wa kijana wetu ulikuwa umeshapanuka, aliwekewa skrubu. Msimu mzima wa mashindano ulimpita akiwa amekaa kwenye kiti mlangoni. Mama yake mpaka leo hawezi kusikia neno leza akanyamaza.

Kwa hiyo kabla mtu hajawasha mashine, adai kukupima kwa mikono, na asipodai, mdai wewe. Kano inayouma hufuata mstari: ukivivuta vidole juu huku mtu akivizuia, inauma, ukivikunja chini, inauma, ukilegeza kiatu, inapungua. Mfupa wenye ufa huuma mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, huuma ukiruka kwa mguu mmoja, na mara nyingine huuma usiku ukiwa umelala. Ukiona dalili hizi za mfupa, acha kukimbia leo, usingoje wiki iishe. Eksirei safi katika wiki mbili tatu za mwanzo haikuondolei shaka. Omba picha ya MRI au CT, hata kama itakubidi kusafiri hadi hospitali ya Mulago au ya CoRSU kule Kisubi kumwona daktari wa mifupa. Nauli inauma, najua. Skrubu inauma zaidi.

Yaliyobaki ni madogo madogo. Osha mguu, usipake mafuta asubuhi hiyo. Usimeze dawa ya maumivu kama diklofenaki kabla ya kwenda, utaficha kile wanachotakiwa kukipima. Andika kila kipindi na jinsi ulivyojisikia kesho yake. Baada ya vipindi kadhaa bila badiliko lolote, acha, usiongezewe vingine kwa matumaini. Leza isiyoambatana na mazoezi ya kuimarisha kano haitoshi, kwa hiyo dai upewe mazoezi ya nyumbani. Usinunue kimashine cha mtandaoni ukajipiga mwenyewe. Usikubali sindano ya steroidi ndani ya kano kwa sababu tu leza imechelewa. Mguu ukivimba, ukawa mwekundu nawe una homa, hiyo si kazi ya fizio. Na kama dole gumba limeacha ghafla kuinuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda kano imekatika, na kuiunganisha mapema ni rahisi kuliko baada ya miezi.